Kamaria: mwongozo kamili wa kutengeneza dirisha la jasi na vioo vya rangi kwa mkono

Kosa linaloua madirisha mengi ya jasi siku hizi haliko kwenye vioo. Liko kwenye pembe ya mkato. Fundi anatoboa jasi wima, kama anayekata biskuti, anabandika vioo vizuri, anapandisha dirisha mita 4 juu ukutani, kisha anashangaa rangi zimekwenda wapi. Waliokaa chini wanaona unene wa jasi tu. Kioo kimejificha nyuma yake.

Kwa hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye mkato, na machache kwenye mengine. Utatengeneza dirisha moja la sm 50 kwa sm 72, lenye matundu 148, kwa njia ya kuchonga iliyotumika Cairo na miji mingine ya Kiislamu. Kwa fundi mmoja mvumilivu ni kazi ya wiki moja ya kuchonga, na wiki mbili au tatu za kungoja likauke.

Jina na ukoo wake

Waarabu huliita qamariyya, kutokana na qamar, yaani mwezi. Kwa Kiswahili tuseme kamaria, na lisichanganywe na kamari ya karata. Hayo ni maneno mawili tofauti. Utasikia pia shamsiyya, kutokana na shams, jua. Katika mji wa Sanaa, Yemen, kamaria ni ile nusu duara inayokaa juu ya dirisha la kawaida. Za zamani zaidi pale zilifungwa kwa mabamba membamba ya alabasta, jiwe linalopitisha mwanga mweupe wa upole kama wa mwezi, kabla vioo vya rangi havijaenea.

Jasi iliyotobolewa ilikuwepo tangu kasri za Banu Umayya huko Shamu, karne ya 8. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliojengwa kati ya 876 na 879, una madirisha 128 ya jasi juu ya kuta zake, ingawa mengi yamefanywa upya katika karne zilizofuata. Ukitaka kuona jasi na vioo vya rangi vikifanya kazi pamoja, nenda kwenye kaburi la Sultani Qalawun, Cairo hiyohiyo, la mwaka 1284 hadi 1285. Waturuki wa Uthmani nao waliliendeleza jambo hili kwa akili: waliweka madirisha mawili katika tundu moja la ukuta. La nje lilikuwa gumu na la vioo vyeupe, lipambane na mvua. La ndani lilikuwa jembamba na la rangi, lipambe. Tutarudi kwao wakati wa kufunga dirisha, maana kwa pwani yetu hiyo ndiyo njia pekee ya kufaa.

Kwetu pwani mafundi wa zamani walichonga chokaa, si jasi. Zidaka za nyumba za Lamu, vile vishubaka vya ukutani, ni ushahidi. Na vioo vya rangi unavyoviona kwenye majengo ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, vimeshikwa na mbao. Sababu ni unyevu, kama utakavyoona.

Pima ukuta kabla ya kuchora chochote

Unahitaji vipimo vitatu. Kwanza, kimo cha katikati ya dirisha kutoka sakafuni. Pili, kimo cha jicho la mtazamaji: kwa aliyekaa kwenye mkeka, sm 80, kwa aliyesimama, sm 160. Tatu, umbali kutoka ukutani hadi pale watu wengi wanapokaa.

Toa kimo cha jicho kwenye kimo cha dirisha, gawanya kwa umbali, zidisha kwa unene wa jasi. Jibu ndilo tunaloliita hapa *mpando*: kiasi ambacho tundu la upande wa nje linapaswa kuwa juu zaidi kuliko tundu la upande wa ndani.

Mfano tutakaoutumia: katikati ya dirisha ni m 4, jicho la aliyekaa ni m 0.8, umbali ni m 5.5. Tofauti ya kimo ni 3.2, gawanya kwa 5.5 upate karibu 0.58, zidisha kwa unene wa mm 35. Mpando ni mm 20.

Sasa tazama maana yake. Matundu madogo kabisa katika mchoro wetu ni pembetatu zenye kimo cha mm 17. Ukizitoboa wima, mtu aliyekaa pale mkekani mstari wa jicho lake unapanda mm 20 ndani ya unene wa jasi. Unagonga ukingo wa juu wa tundu kabla ya kufika kwenye kioo. Pembetatu inayoelekea juu au chini inazibwa yote, haonyeshwi hata chembe ya rangi. Ukizitoboa kwa mpando wa mm 20, anakiona kioo chote.

Mpando ukizidi mm 30, usilazimishe. Punguza unene wa bamba hadi mm 25 na upige hesabu upya.

Vifaa na kiasi chake

- Unga wa jasi iliyochomwa, kilo 16: kilo 12 za bamba, kilo 2 za kubandikia vioo, zilizobaki za majaribio na makosa.
- Vioo vilivyotiwa rangi tangu kwenye tanuri, unene wa mm 2 au 3, jumla ya mita ya mraba 0.3 pamoja na upotevu.
- Asidi ya sitriki ya unga, ile wanayonunua watengeneza sabuni na juisi, gramu 10.
- Ubao laini wa melamini au kioo kinene cha sm 60 kwa 85 cha kuwa sakafu ya kalibu, na fito nne za mbao zilizonyooka zenye kimo cha mm 35 sawasawa.
- Keekee yenye ncha ya mm 6, ubapa wa msumeno wa chuma, visu viwili vyembamba, patasi ya mm 6, tupa bapa na tupa ya mviringo, msasa.
- Kikatio cha kioo chenye gurudumu, mafuta ya taa kidogo, koleo bapa.
- Mizani, ndoo mbili za plastiki, chekeche, brashi, kinyunyizio cha maji, magunia au vitambaa vya kulowesha.
- Miwani ya kinga na barakoa. Vumbi la jasi linakausha koo. Chembe za kioo hazina huruma.

Kuhusu unga. Jasi ya mgodini ina maji ndani ya fuwele zake. Ikipashwa moto wa nyuzi 120 hadi 180 za Selsiasi inapoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Ukiurudishia maji, unakuwa jiwe tena. Basi unachotaka ni ile iliyochomwa, ambayo mafundi dari huiita POP. Jasi ghafi inayochimbwa Makanya au Kilwa kwa ajili ya viwanda vya saruji haitaganda hata ukiisubiri mwezi. Wala usichukue unga wa kulainishia kuta kabla ya rangi: una gundi ndani, unanata kwenye kisu na hauchongeki.

Unga ukikaa dukani kwenye unyevu unaharibika kimyakimya. Jaribu kila mfuko: gramu 100 kwa mililita 70 za maji. Baada ya nusu saa ukucha usiweze kuacha alama ya maana. Ukibaki kama uji mzito, au ukiganda ndani ya dakika 3, rudisha mfuko.

Mchoro

Bamba lina upana wa sm 50 na kimo cha sm 72. Acha pindo la sm 5 kushoto, kulia na chini. Juu acha sm 7, kwa sababu upande wa mgongo matundu yatapanda sm 2 na kula pindo hilo. Ukiacha sm 5 zitabaki 3 tu, na hapo ndipo bamba hupasuka wakati wa kulipandisha.

Ndani ya pindo umebaki na sm 40 kwa 60. Gawanya kwa miraba ya sm 20: miwili kwa upana, mitatu kwa kimo. Katika kila mraba chora nyota ya ncha nane hivi:

1. Tafuta katikati ya mraba. Kwa bikari chora duara la nusu kipenyo sm 10; litagusa pande nne.
2. Unganisha nukta nne zinazogusa pande. Umepata mraba uliosimama kwa kona yake.
3. Chora mraba wa pili wenye ukubwa uleule, kila upande sm 14.1, uliolala sawa na pande za nje. Nyota imekamilika: pembenane katikati na pembetatu nane kuizunguka.
4. Katikati ya pembenane chora duara la kipenyo sm 7, kisha nyoosha mistari minane kutoka duara hilo hadi kona za pembenane. Umepata kitovu na petali nane.
5. Kati ya nyota na nyota umebaki msalaba mnene, au kipande chake ukiwa pembeni. Ugawe: mraba mdogo katikati na mikono minne.

Usiiruke hatua ya 5 kwa kuona msalaba mzima unapendeza zaidi. Umbo lenye kona zinazoingia ndani halikatiki kwenye kioo kwa mkono; ufa huanzia kwenye kona ile na kukimbia hadi mwisho. Baada ya kugawa, kila tundu lina kona za kutoka nje tu. Hesabu yake: nyota 6 zenye matundu 17 kila moja ni 102, misalaba 2 kamili, nusu 6 na robo 4 zinaongeza 46. Jumla 148.

Sasa nenepesha mistari. Kila mstari wa ndani uwe ubavu, yaani ukanda wa jasi unaobaki kati ya tundu na tundu, wa mm 10: mm 5 kila upande wa mstari. Kwenye karatasi utaona ni mnene mno, na utashawishika kuupunguza hadi mm 6. Usithubutu. Jua likipiga kwa nyuma, mwanga humwagika kando ya kila tundu na mbavu huonekana nyembamba kuliko zilivyo. Ubavu wa mm 6 kwa mbali unakuwa uzi, na rangi mbili zinazopakana zinageuka tope. Tena kumbuka mbavu zilizolala, zikikatwa kwa mshazari, zinabaki na unene halisi wa mm 8 na ushei.

Chora nakala ya pili kwa ajili ya mgongo. Ni mchoro uleule, lakini umegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia na umesogezwa juu mm 20. Andika JUU kwa herufi kubwa kwenye karatasi zote mbili. Jambo dogo, lakini limewahi kuwagharimu watu bamba zima.

Kumimina

Paka sakafu ya kalibu na fito kwa sabuni ya maji iliyochanganywa na matone ya mafuta ya kula, kisha futa ibaki filamu tu. Mafuta mengi yanaacha vishimo usoni. Hakikisha meza iko sawa kwa pimamaji, na ziba maungio ya fito kwa udongo wa mfinyanzi.

Maji lita 8.4, jasi kilo 12. Yeyusha kwanza gramu 6 za asidi ya sitriki ndani ya maji. Inachelewesha kuganda na kukupa nafasi ya kufanya kazi na kiasi kikubwa hivi. Usizidishe, jasi itakuwa dhaifu. Unga huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Nyunyiza kwa chekeche hadi visiwa vikavu vianze kujitokeza juu ya maji, acha vinywe kwa dakika 2, kisha koroga polepole kwa dakika moja au mbili, mkono ukibaki chini ya uso wa maji usiingize hewa. Ikifikia uzito wa mtindi, mimina pembeni mwa kalibu na uiache itiririke yenyewe. Gongagonga meza ili viputo vipande. Sawazisha kwa fito.

Mimina kwa mkupuo mmoja. Ukimimina nusu, ikaganda, ukaongeza nusu nyingine, umetengeneza mabamba mawili yaliyolaliana, na msumeno utayatenganisha. Kama ndoo moja haitoshi, muwe wawili na ndoo mbili kwa wakati mmoja. Na mchanganyiko ukianza kuwa mzito kabla hujamaliza, usiuongezee maji. Fuwele zimeshaanza kushikana. Ukizivunja hazishikani tena, utapata kitu kama chaki.

Nyuzi za mkonge unaweza kuzilaza kwenye pindo tu, katikati ya unene. Usiweke waya wa chuma. Jasi mbichi inaozesha chuma, kutu inavimba, na baada ya miaka michache pindo linabanduka lenyewe. Bamba litapata joto wakati wa kuganda; ni kawaida. Ila usitumbukize mkono kwenye ndoo yenye masalia yanayoganda, maana linaunguza kweli.

Masalia yasimwagwe kwenye sinki. Yataganda humo humo.

Kuchonga

Toa fito bamba likishapoa, baada ya saa moja au mbili. Anza kuchonga siku hiyohiyo. Jasi mbichi ina karibu nusu ya ugumu wa jasi kavu, kisu kinapita kama kwenye sabuni ya mche. Ukiiacha ikakauka utakuwa unachonga jiwe, na mbavu zitakatika kwa kutetema. Kila ukipumzika lifunike kwa magunia yaliyoloa.

Lilaze bamba juu ya mchanga mkavu uliosawazishwa au godoro gumu, uso ukiwa juu. Hamisha mchoro kwa njia ya zamani: toboa mistari ya karatasi kwa sindano kila mm 3, iweke juu ya jasi, pigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Ondoa karatasi, unganisha nukta kwa kisu. Ligeuze kwa uangalifu, watu wawili, ufanye vivyo hivyo mgongoni kwa mchoro wa pili.

Kisha tengeneza kabari ya mbao: kimo mm 35, upande mmoja umelala mm 20. Hiyo ndiyo mwalimu wako kwa wiki nzima. Isimamishe kando ya tundu unalotaka kutoboa, ulalo wake uelekee JUU ya dirisha, na keekee ifuate ulalo huo. Mpini uegemee upande wa CHINI, ncha iende upande wa JUU. Toboa tundu moja la mm 6 katikati ya kila umbo, geuza bamba, utazame limetokea wapi. Likitokea katikati ya umbo lilelile mgongoni, mkono wako uko sawa. Likitokea kwenye ubavu, simama hapohapo, kabla hujatoboa mengine 147.

Ubapa wa msumeno usage hadi upana wa mm 5, ufunge kitambaa upande mmoja uwe mpini. Uingize kwenye tundu, ukate mm 2 ndani ya mstari, sambamba na kabari wakati wote. Zilizobaki malizia kwa kisu kutoka usoni na kutoka mgongoni, mikato ikutane katikati ya unene. Kona safisha kwa patasi. Kuta zote za tundu ziwe sambamba na kabari, si ya juu na ya chini tu.

Mpangilio una maana. Anza na pembetatu za nyota za katikati ya bamba, kisha petali, kisha vitovu, halafu hamia nyota za pembeni. Mikono ya msalaba iwe ya mwisho kabisa. Bamba likiwa bado zima linabeba mtetemo wa msumeno. Ukianza na mikono mikubwa, unafanya kazi ndogo ndogo juu ya kimia kinachoyumba. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pale ncha za nyota mbili zinapogusana. Acha jasi ya ziada kidogo kwenye kona hizo, ziwe na mviringo. Macho hayataona, lakini dirisha litasimama.

Ubavu ukikatika, usitupe bamba. Lowesha pande zote mbili za mkatiko hadi ziache kunywa maji, changanya jasi kijiko kimoja, paka, bana, shikilia dakika 10. Ukipaka kwenye jasi kavu, itanyonya maji ya kiraka kabla hakijaganda na kitadondoka kama ganda.

Watu wengine hukwepa kazi hii kwa kalibu ya mpira au mashine ya kompyuta. Zote zinaweza kutoa kazi safi, lakini mashine ya kawaida inakata wima tu, na tumeshaona wima inafanya nini.

Kukausha

Katika lita 8.4 ulizoweka, jasi imezifunga kama 2.2. Lita 6 hivi zilikuwa za kusaidia kumimina tu, na zile ambazo hazikutoka na vipande ulivyochonga lazima zitoke kwa hewa. Simamisha bamba wima kivulini penye upepo, hewa ipite pande zote mbili. Lipime uzito kila siku mbili. Likiacha kupungua, limekauka. Bara kame ni wiki moja au mbili, Mombasa au Tanga wakati wa masika hesabu tatu au zaidi.

Usilianike juani wala karibu na jiko. Uso ukikauka mbio kuliko moyo, linapinda. Na joto likipita nyuzi 45 hivi kwa muda mrefu, jasi inaanza kupoteza yale maji iliyoyafunga na kuwa unga tena.

Vioo

Rangi iwe ndani ya kioo, si ya kupakwa juu wala karatasi ya kubandika. Hizo hufifia juani. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani cha bahari na hata nyekundu, manganizi zambarau, chuma kijani na kaharabu. Kwa mchoro huu tungeweka buluu kwenye petali, nyekundu kwenye pembetatu, kaharabu kwenye vitovu, kijani kwenye mikono ya misalaba na kioo cheupe kwenye miraba yake. Cheupe kinahitajika. Dirisha lisilo na pa kupumua linakuwa giza la rangi, na chumba kinakuwa kama pango.

Kila kioo kipite ukingo wa tundu kwa mm 4. Ubavu una mm 10, vioo viwili vinachukua 8, zinabaki mm 2 za jasi katikati. Usibane vioo vikagusana: jasi ya kubandikia inavimba kidogo ikiganda, na ujenzi wenyewe una mtikisiko, vinavyogusana ndivyo vinavyopasuka. Usifunike pia matundu kadhaa kwa kioo kimoja kikubwa eti rangi ni ileile. Kikipasuka kimoja, umepoteza matundu yote.

Kata kwa kuchora mstari mmoja tu, gurudumu likiwa na mafuta ya taa, toka ukingo hadi ukingo bila kurudia. Ukirudia juu ya mstari unaua gurudumu na kioo kitavunjika kinavyotaka. Kisha vunja kwa koleo, mara moja, kwa kukunja kwenda chini. Sugua kingo kwa jiwe la kunolea.

Laza dirisha kifudifudi juu ya godoro, mgongo juu. Safisha vumbi. Changanya gramu 100 za jasi na mililita 80 za maji. Hiyo inatosha vioo vitano au sita tu kabla haijaganda. Lowesha ubavu kwa brashi, paka utepe mwembamba wa jasi kuzunguka tundu, kandamiza kioo hadi kikae, kisha jaza pengo na funika ukingo. Jasi iliyochuruzika ndani ya tundu ifute papo hapo kwa brashi yenye unyevu, kutoka upande wa uso. Silikoni achana nayo. Haishiki vizuri kwenye vumbi la jasi, na siku ya kubadilisha kioo itang'oka na kipande cha ubavu.

Dirisha kamili litakuwa na uzito wa kilo 10 hivi likikauka tena.

Kulifunga ukutani

Jasi inayeyuka: lita moja ya maji inachukua gramu 2 na zaidi kidogo. Tone moja si kitu, lakini masika mfululizo na upepo wa chumvi vitakula mbavu kutoka nje hadi vioo vianze kudondoka. Ndiyo maana ya lile dirisha la pili la Waturuki. Weka kioo cheupe kwenye fremu upande wa nje, acha nafasi ya sm 5 au zaidi, na toboa vitundu vya hewa chini ya fremu ili mvuke usigande katikati.

Usikutanishe jasi na saruji. Penye unyevu vikigusana huzaa fuwele zinazovimba na kupasua ukuta na dirisha pamoja. Tia dirisha ndani ya fremu ya mbao iliyokauka vizuri, msaji au mvule, iliyopakwa mafuta pande zote; acha nafasi ya mm 4 kuzunguka na uijaze kwa chokaa laini au utepe wa sufi. Vibanio viwe vya shaba au chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kukaza chochote, mtu akae pale mkekani kwenye umbali uliopima, na wewe uliye juu usogeze kichwa cha dirisha mbele au nyuma mm chache hadi aseme anaona pembetatu zote za juu.

Ukikuta la zamani

Dirisha la miaka mingi usilioshe kwa maji. Piga picha, lichore, lipe kila kioo namba, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini. Rangi iliyopakwa juu ya jasi kwa miaka inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiiparue ikiwa kavu bila barakoa. Vioo vya kupulizwa vya zamani vina viputo na mawimbi. Hata kilichopasuka kirudishe mahali pake kikiwa kimeshikwa na kioo cheupe chembamba kwa nyuma. Kabla ya kuchonga ubavu mpya wa kuziba pengo, tia kijiti kwenye tundu la jirani usome ulalo wake. Fundi wa kwanza aliukata kwa ajili ya mahali fulani pa kukaa, na ubavu wako ufuate ulalo huo hata kama siku hizi watu wanakaa kwingine.

Kioo kimoja kikivunjika kwenye dirisha lako jipya, kazi ni ya saa moja. Lowesha jasi ya mgongoni kuzunguka kioo hicho tu, ngoja dakika 10, ikwangue kwa kisu kuanzia kwenye pengo la mm 2, toa vipande kwa koleo, pima kioo kipya kwa karatasi, bandika kama mwanzo. Weka vipande vya ziada vya kila rangi tangu siku ya kwanza, ndani ya kitambaa, juu ya fremu. Ukirudi dukani baada ya miaka mitano, buluu ileile hutaipata.